Rangi ya Chaki kwa Samani za Nyumbani: Unafuu Uko Wapi, Hasara Iko Wapi

Siku ya tatu baada ya kumaliza kazi, shangazi alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi. “Mwanangu, kabati linatoka damu.” Nilikwenda mbio. Milango ya lile kabati la vyombo, niliyoiacha myeupe pe, ilikuwa na michirizi ya waridi, na kuzunguka vifundo vya mbao kulikuwa na madoa mekundu yaliyofifia, kama ya kanga iliyochuja kwenye shuka.

Kabati lile ni la mninga. Mninga ukikatwa mbichi hutoa utomvu mwekundu unaofanana kabisa na damu, na wekundu huo hauondoki wote mbao zikikauka. Hukaa humo miaka na miaka ukisubiri maji. Mimi nilipaka rangi ya maji, tena niliyoichanganya mwenyewe kwa gharama ndogo, juu ya mbao ambazo vanishi yake ilikwisha kuchakaa. Maji yaliyeyusha wekundu, yakaupandisha juu, yakakauka na kuuacha pale kila mtu auone. Rangi yenyewe haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikujiuliza chini yake kuna nini.

Naandika haya kwa ajili ya aliye na meza iliyochubuka, droo za mtoto zilizofubaa au kitanda alichokinunua kwa mtu anayehama, na hana fedha ya kwenda kwa mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, kuagiza kipya. Rangi ya chaki inaweza kumsaidia sana. Lakini nafuu yake inapatikana sehemu fulani tu za kazi, na ukibana fedha au muda pasipostahili, utarudia kazi nzima kama nilivyorudia mimi.

Kinachoitwa rangi ya chaki ni rangi ya maji, nzito, isiyong'aa hata kidogo, iliyotiwa unga wa madini ili ishike vizuri na ikauke upesi. Ukiipapasa ikishakauka, inafanana na ubao wa darasani uliofutwa. Mwaka 1990 Annie Sloan, mpambaji wa nyumba wa Uingereza, alitoa sokoni rangi ya namna hiyo akaiita Chalk Paint, na jina hilo ni alama ya biashara yake mpaka leo. Ni rangi nzuri. Ila kopo la kutoka Ulaya, likishalipiwa usafiri na ushuru hadi Dar es Salaam au Mombasa, linaweza kukugharimu kuliko stuli unayotaka kuipaka. Ndiyo maana watu wengi duniani hujichanganyia, na sisi tuna kila sababu ya kufanya hivyo, maana kiungo chake kikuu kinachimbwa hapa hapa. Jasi, ambayo mtaani tunaiita jipsamu, hutoka Makanya kule Same, hutoka Itigi, na wilayani Maswa hutengenezwa chaki za shule kwa jasi. Kwa hiyo ukichanganya rangi yako na unga wa jasi, jina la rangi ya chaki linakuwa la haki.

Tatizo huanzia dukani. Utaonyeshwa unga mweupe wa aina tatu au nne, na muuzaji mwenye haraka atakuambia zote ni mamoja. Si mamoja.

Unaoutaka ni P.O.P., yaani jasi iliyochomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi mpaka ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ni ile ile anayofungiwa mtu aliyevunjika mguu. Kwa Kiingereza inaitwa “plaster of Paris”, kwa jina la Paris, kwa sababu ya machimbo ya jasi yaliyokuwa kwenye kilima cha Montmartre katika jiji hilo. Mafundi wa dari ndio wateja wake wakubwa: huikoroga na kuimimina kwenye maumbo kutengeneza maua na mikanda ya kona. Ukimwambia muuzaji “nataka ule wa kumiminia maua ya dari,” hatakupa mwingine. Unga wa kuzibia maungio ya dari ni kitu tofauti. Umetiwa gundi na dawa ya kuchelewesha kukauka, na kila kiwanda kina kipimo chake, hivyo huwezi kujua utafanya nini ndani ya rangi yako.

Chokaa iliyosagwa, ile ya duka la vyakula vya mifugo wanayopewa kuku wa mayai, nayo inafaa. Ni jiwe la chokaa lisilochomwa, jamaa wa karibu wa chaki ya asili, na uzuri wake ni kwamba haigandi ndani ya kopo. Ubaya wake ni chenga. Ichekeche kwa soksi nyepesi ya kike mara mbili, na kama bado inakwaruza ukiisugua kati ya vidole, wape kuku.

Chokaa ya kupakia kuta usiitumie kabisa. Hiyo imechomwa, iwe ya mawe au ya matumbawe kama iliyojenga miji yetu ya pwani, na kabla haijakomaa ukutani ni kali. Inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni habari ya kukimbizwa hospitali. Juu ya hayo inaweza kuharibu gundi ya rangi ya maji na kubadilisha rangi uliyoichagua. Ukutani ina heshima yake ya karne nyingi. Kwenye kopo la rangi ya maji haina kazi.

Sasa rangi yenyewe. Hapa ndipo nawaona wengi wakibana fedha pasipofaa. Rangi ya maji ya bei ya chini kabisa, ile ya ndoo kubwa ya kupakia dari, tayari imejaa unga na ina gundi kidogo. Ukiiongezea unga mwingine, gundi haitoshi kushika kitu. Utaifuta kwa kitambaa chenye maji na rangi itakuja na kitambaa. Nunua rangi ya maji ya daraja zuri, isiyong'aa, inayoruhusu kuoshwa, ila nunua kidogo. Lita moja hutosha kabati la droo nne kwa mikono miwili ya rangi na hubaki ya stuli. Mwenye kununua lita moja nzuri huishia kutumia fedha chache kuliko mwenye kununua ndoo mbaya.

Kipimo changu ni vikombe vitatu vya rangi, kikombe kimoja cha P.O.P. na kikombe kimoja cha maji ya baridi. Chekecha unga kwa chujio la chai, kisha uumimine juu ya maji, usimimine maji juu ya unga. Koroga polepole mpaka upate uji laini usio na madonge, halafu ndipo uutie kwenye rangi. Ukitupa unga mkavu moja kwa moja ndani ya rangi, utapata vijiwe vidogo ambavyo hakuna mwiko utakaovivunja, na utaviona vyote kwenye mlango wa kabati jua la jioni likiupiga. Fanya kazi ukiwa umefunga pua na mdomo, vumbi lile si la kuvuta. Changanya kiasi cha kutumia ndani ya saa moja au mbili tu, kwa sababu jasi ikishakutana na maji huanza kugeuka jiwe, na ndani ya rangi huchelewa kidogo lakini haiachi. Ikianza kuwa nzito, ongeza kijiko cha maji. Ikifika ugumu wa ugali, itupe, ila usiimwage kwenye sinki. Itaganda ndani ya bomba na fundi bomba atakulipisha zaidi ya bei ya kabati.

Kabla ya kugusa brashi, osha. Samani zetu hukaa na mafuta ambayo macho hayayaoni: moshi wa jikoni, mafuta ya nywele kwenye kichwa cha kitanda, mikono ya watoto kuzunguka vishikio vya droo, na nta ya dawa za kupulizia za kung'arishia. Rangi haishiki mafuta. Tumia sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, sugua, futa kwa maji matupu mara mbili, halafu acha ikauke usiku mzima. Fungua vishikio na bawaba, uziweke kwenye kopo moja pamoja na skrubu zake. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mwepesi unaodondoka chini, samani hiyo inabunguliwa na wadudu. Itie dawa na usubiri uhakikishe unga umekoma, maana rangi itawafunika tu na wataendelea kula.

Wauzaji wa rangi hizi hupenda kusema kwamba msasa hauhitajiki. Kwa samani za kwetu sikubaliani nao. Mafundi wetu wengi hupiga vanishi nzito inayong'aa kama kioo, na rangi uliyojichanganyia haina zile gundi maalumu za kopo la bei kubwa. Chukua msasa namba 180, pitisha mkono mwepesi mpaka mng'ao ufe. Huhitaji kufika kwenye mbao. Ni kazi ya nusu saa kwa kabati zima, na nimeona tofauti yake: upande niliousugua umedumu, upande niliouruka kwa uvivu ulichubuka kama ganda la kitunguu siku ya kuhamisha vitu.

Lakini kuna samani moja ambayo hupaswi kuisugua kavu hata kidogo, nayo ni ile iliyopakwa rangi ya mafuta zamani. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa za njano, nyekundu na kijani kikali, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao akili zao ndiyo kwanza zinajengeka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira limezishauri nchi zisiruhusu rangi yenye risasi zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, lakini kitanda chako cha mwaka 1985 hakikusubiri ushauri huo. Ukikisugua kavu, vumbi litakaa sakafuni mahali mtoto anapotambaa. Kama rangi ya zamani bado imeshika imara, ioshe, lowesha msasa, sugua kwa maji ukiwa umevaa glavu na watoto wako mbali, kusanya tope lote kwa matambara na uyatupe yakiwa yamefungwa. Kama inabanduka, iache. Na kitanda au kiti ambacho mtoto mdogo hutafuna kingo zake usikibahatishe, tafuta kingine.

Turudi kwenye ile damu ya mninga. Kuna jaribio rahisi ambalo laiti ningelifanya kwa shangazi. Tafuta sehemu ya mbao isiyo na vanishi, chini ya rafu au nyuma ya droo, ubandike kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji kwa robo saa. Kikitoka na waridi, una mninga au ndugu zake. Kikitoka na manjano, huenda ni mkongo, ambao nao una rangi yake inayoyeyuka. Dawa yake ni shelaki, ule utomvu wa wadudu wadogo wa miti ya India ambao mafundi wa kung'arisha samani kwa mkono wanaujua miaka mingi. Huuzwa kama magamba ya rangi ya asali. Yaloweke kwenye spiriti usiku kucha, uchuje, upake mikono miwili myembamba mbali na moto. Hukauka ndani ya saa moja, na kwa kuwa haiyeyuki kwa maji, hufunga mlango kati ya mbao na rangi yako. Mbao za paini zina shida ya namna hiyo kwenye vifundo tu, hivyo zipake shelaki hapo hapo. Mbao za kubandikwa, zile za unga uliokandamizwa, hazitoi rangi, ila kingo zake hunywa maji na kuvimba kama mkate ndani ya chai. Zipe shelaki kingo zake kwanza.

Kama hutaki usumbufu huo, chagua rangi iliyokolea. Buluu nzito, kijani cha jani la mwembe, rangi ya udongo wa kichuguu, zote huficha michirizi ambayo nyeupe hutangaza. Na nitasema wazi kwamba katika nyumba zetu zenye vumbi na watoto, naona nyeupe inasifiwa kuliko inavyostahili.

Kupaka kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Brashi laini, rangi kidogo, kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, na ukishapita mahali usirudi kuparekebisha, kwa sababu hukauka upesi na brashi itaburuta na kuacha mifereji. Mkono wa kwanza utakuvunja moyo. Utaona mabaka, utaona mbao zikichungulia, utataka kuongeza rangi nzito kuficha. Subiri. Saa mbili wakati wa kiangazi, nusu siku wakati wa masika pale pwani ambapo hata chumvi hulowa mezani. Sugua kidogo kwa msasa namba 220, futa vumbi, piga mkono wa pili. Hapo ndipo samani hubadilika.

Kuna mtindo wa kusugua kingo ili mbao zionekane na samani ipate sura ya uzee. Wengine wanaupenda. Shangazi alipoona kona moja nimeichakaza hivyo aliniuliza, “Na hapa utamalizia lini?” nikaipaka tena. Waulize wenye nyumba kwanza.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi huliruka, na ndilo huamua kama kazi itadumu miezi mitatu au miaka. Rangi ya chaki ina vinyweleo. Bila ulinzi juu yake, tone la chai litaingia, alama ya kidole itabaki, mafuta ya maandazi yatafanya doa lisilotoka. Lazima uifunge.

Kwa vitu visivyopata maji, kama kabati la nguo, fremu ya kioo au kichwa cha kitanda, nta ya nyuki ni nzuri sana na nchini Tanzania haina uhaba, hasa ukiwa na mtu Tabora. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo iyeyushe ndani ya sufuria ndogo iliyokaa kwenye sufuria yenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, maana inashika moto. Ukishazima moto na kuitoa nje, mbali na jiko, changanya sehemu moja ya nta na sehemu mbili za tapentaini, ikoroge mpaka iwe laini kama siagi. Paka kidogo mno kwa kitambaa, acha robo saa, futa yote inayobaki juu, kisha kesho yake sugua ing'ae. Nimeona watu wakiweka mafuta ya nazi au ya alizeti badala ya tapentaini kwa kuwa yapo jikoni. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe, ya alizeti hunatanata na kuchacha. Samani itakusanya vumbi na kunuka. Anayetumia mafuta ya kitani atapata matokeo mazuri, ila matambara yake ayaanike yakiwa yametandazwa nje au ayazamishe kwenye maji. Yakirundikwa yamekunjamana hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti.

Meza ya chakula, meza ya sebuleni inayopokea birika, rafu za jikoni, hizo usizipe nta. Kwenye joto la Tanga au Lamu nta hulainika, na kikombe cha chai ya rangi kitaacha duara. Zipe vanishi ya maji, angavu, isiyong'aa sana, mikono mitatu myembamba, ukisubiri saa nne kati ya mmoja na mwingine. Vanishi ya mafuta ni ngumu zaidi, lakini juu ya rangi nyepesi hugeuka njano, na njano hiyo huzidi mwaka hadi mwaka. Ukishapaka mara ya mwisho, ipe samani wiki tatu kabla ya kuitumia kwa nguvu. Itaonekana imekauka siku ya pili. Bado inakomaa ndani.

Kwa hiyo ukipiga hesabu, utaona unga na rangi ni kitu kidogo. Fedha kubwa itakwenda kwenye shelaki na vanishi, na muda mwingi utakwenda kwenye kuosha na kusubiri. Anayekuambia ataimaliza meza yako Jumamosi moja asubuhi hadi jioni hajaifunga vizuri. Kabati la shangazi nililirudia: nilikwangua, nikapiga shelaki mikono miwili, nikapaka upya, nikafunga kwa vanishi ya maji. Limekaa miaka minne jikoni kwake na halijatoa hata chozi.

Nimebakiza neno moja kwa mwenye samani za urithi. Kitanda cha samadari, kiti cha enzi cha Lamu, sanduku la Kizanzibari lenye njumu, meza ya mkongo aliyochonga babu kwa mkono: hivi visipakwe rangi ya chaki, hata vikiwa vimefifia na hata kama rafiki yako ameona picha nzuri kwenye simu. Jasi ikishaingia kwenye nakshi haitoki bila kuilamba nakshi yenyewe, na mafundi wa kuchonga zile nakshi wamebaki wachache. Ukiwa na kimoja cha vitu hivi, kifute vumbi kwa brashi laini, kipake nta ya nyuki nyembamba, ukiweke mbali na jua la dirishani, na nakuomba ukiache na rangi yake.